Mayai Hayapigi Kelele

Chumba cha mayai, kitengo cha kuku
7 Machi

Mpendwa mdogo wangu Konokono,

Habari za shule? Homa imeisha, au bado unaificha ili usiende kwa nesi? Mimi mzima, ila barua hii usimsomee mtu.

Chuo kimefungwa. Wanafunzi waligoma kwa sababu ya maji mabwenini, wakavunja vioo vya ofisi ya utawala, na jana asubuhi tangazo likatoka: kufikia saa kumi jioni kila mwanafunzi awe nje ya geti. Atakayekutwa ndani atafukuzwa, hakuna maelezo. Wenzangu wameondoka. Mimi sikuondoka.

Unakijua kibarua changu cha jioni, cha kulisha kuku wa Daktari. Kile ulichokicheka ukasema nimekuja chuo kikuu kufanya kazi ambayo Bibi aliifanya bila cheti. Basi mwezi uliopita jogoo wa mwisho wa ile mbegu ya shingo tupu alikufa. Daktari, mwalimu wetu, aliwatafuta kuku hao kijiji kwa kijiji, na mayai yaliyomo kwenye mashine ya kutotoa vifaranga ndiyo ya mwisho. Kabla ya kusafiri aliniita mimi na Mrefu, mwenzangu wa darasa tunayepokezana zamu, akasema: "Nina nafasi moja ya mafunzo kazini kwenye kituo cha mbegu. Atakayenionyesha vifaranga hawa, ndiye nitakayekwenda naye." Harudi kabla ya mwezi wa nne.

Nilikwenda kwa karani kuomba ruhusa ya kubaki. Hakuniangalia hata usoni. "Mayai? Dada, chuo kinawaka moto, wewe unaniletea habari za mayai?" Kuku wakubwa walichukuliwa na gari, lakini dereva akakataa kubeba mayai. Mrefu akaniambia, "Twende zetu, mayai si mama yako," akabeba begi lake. Mimi nikarudi huku, nikapiga komeo kwa ndani.

Jioni wakakata umeme, mashine ikanyamaza. Nimeyahamishia mayai kwenye boksi la maranda, nikayazungushia chupa za maji ya moto. Maji ananiletea Mama Chai, yule anayewauzia walinzi chai. Themosi mbili zinaishia getini, mbili zinafika kwangu. Yeye ndiye aliyebeba barua hii. Simu yangu imezima, na nyie huko bwenini simu ni haramu, kwa hiyo tumerudi kwenye kalamu. Najua umefurahi.

Mama nilimwambia nitakaa kwa rafiki yangu, mtoto wa fundi cherehani. Usinisaliti. Jibu kupitia sanduku la posta la Mama Chai, nimeliandika nyuma ya bahasha.

Dada yako

*

Bwenini
10 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Homa imeisha, na kwa nesi nilikwenda, na sindano nilichomwa. Wewe unalala wapi? Unakula nini? Hujaandika.

Barua yako niliisoma chooni, kisha nikaenda maktaba. Kuna kitabu kimoja cha ufugaji kisicho na jalada. Kinasema kuku akiatamia huyageuza mayai mara nyingi kwa siku, la sivyo kifaranga hugandia kwenye ganda. Wewe mashine ilikuwa inakugeuzia. Sasa inabidi ugeuze kwa mkono. Chora msalaba upande mmoja wa yai na duara upande wa pili, ili ujue lipi umegeuza.

Kuhusu mwisho wake kitabu kimechanika, kwa hiyo nilimwuliza mwalimu wa biolojia. Darasani. Nilinyoosha mkono, Dada. Mwalimu alidhani naomba kutoka nje. Nilipouliza habari za mayai darasa zima lilicheka, na tangu jana jina langu ni Tetea. Lakini alinijibu: siku tatu za mwisho usiyageuze kabisa, na weka kitambaa chenye maji ndani ya boksi ili ganda lisikauke.

Kuna jambo sikumwuliza. Mayai hayapigi kelele. Vifaranga je? Wakianza kulia utawanyamazisha vipi?

Mdogo wako,
Konokono

*

Chumba cha mayai
13 Machi

Konokono wangu,

Salamu za giza. Afya ninayo, nalala juu ya magunia ya pumba, na Mama Chai ananiletea mkate. Nimekonda kidogo; Mama akiniona atasema huyo fundi cherehani alinipunguza kiunoni.

Ningekuwa karibu ningekubeba mgongoni nikuzungushe shule nzima. Umenyoosha mkono! Wewe, uliyewahi kukaa na kokwa mdomoni kutwa nzima kwa sababu uliona aibu kuwauliza wenyeji pa kutupa! Nimechora misalaba na maduara. Asubuhi msalaba, mchana duara, jioni msalaba, na kesho yake naanza na duara. Jana nilijifunika blanketi nikamulika yai kwa tochi. Ndani kuna mishipa kama mizizi, na katikati kivuli cheusi kinaruka. Nilisahau niko wapi, nikacheka kwa sauti.

Hapo ndipo hatua zikasimama nje.

Kuna mkuu mpya wa walinzi, wanamwita Kamanda. Alisukuma mlango. "Humu kuna nini?" Mwingine akajibu, "Kuku, mkuu. Walihamishwa." "Mbona nimesikia mtu?" "Labda panya, mkuu." "Panya anacheka?" Nilikuwa nimeng'ata blanketi. Waliondoka, lakini tangu hapo kila zamu anausukuma mlango.

Kuhusu vifaranga, sijui. Usiniulize tena. Kwanza watoke.

Dada yako

*

Bwenini
16 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na sasa nikiandika hivyo si mazoea.

Jana ilikuwa siku ya wazazi. Mama alikuja. Tulikaa kwenye benchi nyuma ya bwalo, akanikata kucha kama mtoto, kisha bila kuinua macho:

"Dada yako amekuandikia?"

"Ameandika."

"Anasemaje?"

"Mzima."

"Huko kwa fundi wanamlisha?"

"Sijui, Mama."

"Hujui, au umekatazwa kujua?"

Mama akafunga wembe kwenye karatasi yake. "Nimezaa wawili," akasema. "Mmoja haniambii ukweli, mwingine haniambii kitu."

Alipoondoka hakugeuka kunipungia. Dada, naomba ruhusa nimwambie. Mama tu. Siwezi kulala. Nikisikia mlango wa bweni ukisukumwa naona ni wa kwako. Nafasi ya mafunzo ni nzuri, najua, lakini utakwenda mafunzo ya chuo gani kama umefukuzwa?

Nasubiri jibu.

Mdogo wako,
Konokono

*

18 Machi

Mdogo wangu,

Naandika haraka, Mama Chai amesimama mlangoni anaangalia nyuma. Kama umeandika, sijapata.

Kamanda amezihesabu themosi. Amemwuliza hizi mbili zinamnywesha nani. Kuanzia kesho haruhusiwi kuvuka geti, kwa hiyo maji ya moto hakuna, na hii ndiyo barua yangu ya mwisho hadi mambo yaishe. Ameniachia mkate na ndoo ya maji.

Usiogope, nimepata njia. Stoo kuna jiko na nusu gunia la mkaa, ule wa kuwapasha vifaranga joto. Mvua inanyesha na baridi ni kali, mayai yakipoa usiku mmoja tu yamekwisha. Mwanga na moshi vitaonekana, kwa hiyo nimeziba madirisha yote kwa magunia, na chini ya mlango pia. Hakuna tundu hata la sindano. Nitakaa ndani na jiko langu kama malkia.

Leo nililiweka yai moja sikioni. Kuna kitu kinakwaruza, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Siku mbili tu, Konokono. Siku mbili, halafu waniite jina lolote.

Dada

*

20 Machi

Dada,

Leo sina salamu.

Barua yako imefika mchana huu, wakati wa chakula. Niliposoma habari ya magunia nilikumbuka somo la kemia la mwaka jana: mkaa ukiwaka mahali pasipo hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husikia usingizi, basi. Mwalimu alisema "hulala," akafuta ubao, na sisi tukaelewa. Wewe hukusoma kemia yetu? Au ulisahau kwa ajili ya mayai?

Umeandika tarehe kumi na nane. Tangu hapo umelala mara mbili humo ndani.

Nilikimbia kwa matroni bila viatu. Aliniambia, "Wewe! Mara ya mwisho kuisikia sauti yako ilikuwa mwezi wa kwanza, tena ulikuwa unapiga chafya." Nikampa barua. Alisoma mistari michache, akachukua simu yake. Simu ya Mama haikupatikana. Matroni ana kijitabu cha chuo chenu, kile cha kuwatangazia wanafunzi, na nyuma kina namba ya geti. Alipiga, akanipa mimi niongee.

Mlinzi alisema, "Huku hakuna mwanafunzi."

Nikasema, "Yupo. Chumba cha mayai, kitengo cha kuku. Ana jiko la mkaa ndani. Vunjeni mlango."

"Wewe mtoto ni nani? Huyo mwanafunzi anaitwa nani?"

Nilijua nikitaja jina lako nimekufukuzisha chuo. Nikalitaja lote, mara mbili, ili aliandike vizuri.

Kisha simu ikakatika. Matroni anapiga tena na tena, haipokelewi. Naandika kwa sababu sijui mikono niiweke wapi. Sijui kama yupo wa kuisoma barua hii.

Mdogo wako

*

Nyumbani kwa Shangazi
4 Aprili

Kwa mdogo wangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Nilikuwa mzima hata siku ile, na nataka ulijue hilo.

Nilikuwa nimelala tu, nimechoka. Walivunja mlango wakati jina langu limeshaandikwa kwenye daftari la geti, kwa msaada wako. Kama wangenikuta wenyewe, Kamanda angeweza kunipitisha nyuma kimyakimya. Mama Chai anasema alishawapitisha wengine. Jina likishaandikwa, mlinzi hana la kufanya.

Kamati imenisimamisha masomo mwaka mzima. Mwanafunzi aliyesimamishwa hapelekwi mafunzo kazini, kwa hiyo nafasi amepewa Mrefu. Ndiyo, yule yule wa "mayai si mama yako." Mayai yenyewe sikuulizia. Nilitolewa mikono mitupu, na sikutaka kusikia.

Mama haongei nami, amenileta kwa Shangazi nimsaidie dukani. Nilikuomba jambo moja tu. Kwa sasa usiniandikie.

Dada

*

Bwenini
28 Juni

Kwako Dada,

Shikamoo. Hali yangu ni nzuri, ya Mama pia. Likizo ya Aprili kitanda chako kilikuwa kimetandikwa, nikalala changu nikiwa nimekigeukia.

Ulisema nisikuandikie kwa sasa. Nimesubiri, lakini sijui kwa sasa inaishia lini.

Nakuomba radhi kwa mwaka wako uliopotea, na kwa nafasi ya Mrefu. Kwa ile simu siwezi kuomba radhi. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo mara nyingi, na kila mara naifuta, kwa sababu ni uongo. Ningepiga tena.

Mdogo wako

*

Nyumbani kwa Shangazi
12 Septemba

Mpendwa mdogo wangu, Konokono, Tetea, na majina mengine yote niliyokunyima,

U hali gani? Unalala? Kucha zako anakukata nani siku hizi? Mimi ni mzima. Safari hii ni kweli.

Mwezi uliopita Daktari alikuja dukani amebeba tenga. Shangazi alidhani anauza kuku, akamwambia leo hatununui. Ndani mlikuwa na tetea na jogoo, shingo tupu wote wawili, wabaya wa sura mpaka unawapenda. Nilimwuliza wametoka wapi. Akanishangaa. "Hujui? Si wako?"

Kamanda ndiye aliyemsimulia, na yeye akanisimulia mimi tukiwa tumesimama kati ya magunia ya sukari. Siku ile walipovunja mlango nilikuwa sakafuni, nimelikumbatia boksi. Waliniita, sikuitika. Wakanibeba hadi kwenye nyasi, wakanimwagia maji. Hakuna aliyekuwa na habari ya mayai. Ilikuwa wafunge mlango waondoke. Ndipo wakasikia sauti ndani ya boksi. Kamanda akasema, "Kuna mtu mwingine humo," akaziba pua kwa kofia, akarudi ndani. Boksi likawekwa chini ya taa ya kibanda cha geti mpaka vifaranga wote waliojaliwa kutoka wakatoka, na walinzi wakawa wanagombea zamu ya kuwalisha.

Uliniuliza nitawanyamazisha vipi. Kumbe kelele zao ndizo zilizowaokoa. Na zako.

Nilikuambia nilikuwa nimelala tu. Mlango ukivunjwa siukumbuki. Maji siyakumbuki. Ninakumbuka kichwa kinauma, kisha uso wa Mama. Nilijua hivyo Aprili nilipokuandikia, na bado nikakuandikia vile, kwa sababu kukukasirikia wewe kulikuwa kwepesi kuliko kuogopa.

Mrefu bado yuko kituoni, na nasikia anafanya vizuri. Mimi mwaka wangu haujaisha, na kamati haijasema kama itanipokea. Daktari hakuniahidi kitu. Alisema tu mbegu haikai ghala moja, kwa hiyo jozi hii nitaitunza mimi.

Tetea ameanza kutaga. Mayai yanaweza kusubiri siku chache kabla ya kuanza kupashwa joto, na Shangazi ananiambia shule yenu inafunga Ijumaa ijayo. Mama ameshakubali uje. Umeme hapa upo, na madirisha yote yanafunguka, nimeyajaribu moja moja.

Nimechora misalaba yote. Maduara nimekuachia wewe.

Dada yako