Mwandiko Chini ya Picha

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi, na uniwie radhi zikiwa za mbio. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kifua cha yule mdogo kimetulia. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio unanienda mbio. Soma yote kabla hujaketi.

Unajua Jumamosi huwa najitolea Chama cha Historia ya Kisiwa, pale ghala la zamani la chumvi. Katibu wetu ni yule mwalimu mstaafu tunayemwita Mzee Tarehe, kwa kuwa hata ukimsalimia anataka kujua salamu ni ya mwaka gani. Amefungua maonyesho. Mjane wa mpiga picha wa huko kwenu bara alituletea boksi zima la picha za watu wa kisiwa waliohamia bara. Tumezitundika, na chini ya kila moja kuna karatasi tupu: anayemjua mtu aandike. Watu wanacheka, wanabishana, wengine wanatokwa na machozi. Nilikuwa nafurahia, dada.

Mpaka nilipofika kwenye picha ya wanawake wa dobi. Nyuma kabisa, pasi mkononi, kakonda lakini kidevu juu vilevile, ni mama. Na Mzee Tarehe, kwa raha zake, ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba ilipigwa mwaka jana. Mama huyuhuyu ambaye kisiwa kizima kinajua alizama na feri miaka tisa iliyopita, ambaye jina lake Chama hulisoma kila mwaka pamoja na ya wenzake, baba akiwa mstari wa mbele na leso yake. Ni mimi na wewe tu tunaojua kwamba alitoroka siku moja kabla, kwa boti ya mizigo, na mkono aliouvunja baba umefungwa kitambaa.

Kuitoa niliogopa, pengo lingezua maswali. Nikaandika chini yake kwamba huyo ni mpishi wa hospitali ya bara, keshafariki, hana ndugu hapa. Nikajiona mjanja.

Leo baba akaja. Macho yake unayajua, siku hizi hata mlango anaupapasa. Alizipita picha bila kusimama, nikaanza kupumua. Pale kwa madobi akainama, akasogeza uso kwenye karatasi, siyo kwenye picha. Kisha akaniita kwa upole, ule upole wake wa kabla ya kupiga. Akasema mwandiko ule alinifundisha yeye, kwenye meza ya jikoni. Sasa nimweleze huyo mpishi nimemjulia wapi. Akaomba kioo cha kukuzia. Mzee Tarehe, masikini, akamletea mbio, tena akamsomea mhuri wa nyuma ya picha, na mtaa wa hao madobi.

Picha isingemfichua mama, dada. Nimemfichua mimi.

Baba hakufoka. Anasema hana hasira, anataka tu mkewe arudi nyumbani. Amekata tiketi ya boti ya kesho mchana. Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii nampa nahodha wa boti ya asubuhi akukabidhi mkononi. Mtoe mama pale, asirudi hata kuchukua nguo.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama mwambie anisamehe, lakini mwambie mkiwa njiani.

Ni mimi mdogo wako, ninayemsikia baba chumba cha pili akijipigia pasi shati la safari.