Sahihi ya Pili

Sfax, 4 Machi

Kaka Ridha,

Kwa heshima zote nakutangazia kwamba yule jogoo wa jirani, adui wa usingizi wa mtaa mzima, hayupo tena. Jirani alimchinja mwenyewe Jumanne, wageni wetu wakamla kwa kuskusi.

Binti yako Yosr ameota upya meno mawili ya mbele, yale ya utoto yaling'oka.

Ile fomu ya kuniruhusu nimuasili imekataliwa, kwa sababu uliisaini nyumbani kwako huko ng'ambo. Karani wa mahakama aliigeuza mara mbili. "Bwana wee, bila muhuri wa ubalozi huu ni mchoro tu. Hata mbuzi wangu angeuchora!"

"Mbuzi wako hana binti Sfax," nikamjibu. Hakucheka.

Basi nakuomba uende Palermo, usaini tena mbele ya ofisa wa ubalozi. Najua sahihi ya kwanza ilikuchukua miaka miwili. Yosr anauliza kama jina likibadilika ataandika upya majalada ya daftari zote. Nimemwambia tutasaidiana. Bila sahihi yako, kisheria mimi ni mume wa mama yake tu.

Pale pa sahihi ya mama, paache wazi. Mounira tulimzika Jumanne.

Ndimi,
Lamine