Nilifunga Mlango Nikala Samaki Peke Yangu

Mama Sengchanh wa redio, nakuomba unisikilize mpaka mwisho hata kama utaniona mpumbavu, maana jambo lenyewe ni la samaki mmoja, na mtu mzima wa miaka hamsini na tisa kukosa raha kwa ajili ya samaki ni kichekesho, lakini roho inanisuta na sina wa kumwambia, kwa sababu yule ambaye ningemwambia ndiye niliyemkosea. Ukiisoma barua hii hewani naomba usinitaje jina.

Mimi ni fundi cherehani hapa Thakhek, mji wetu wa kando ya mto, nashona pindo za sketi za hariri, mume wangu alifariki miaka sita iliyopita, na binti yangu wa pekee, Latsamy, yuko ng'ambo ya mto kwa Wathai, kwenye kiwanda cha kufungasha kuku. Zamani ikikaribia sikukuu ya mashindano ya mitumbwi nilikuwa nakataa wateja kwa wingi wa kazi, mwaka huu nimeletewa sketi mbili tu, na moja ni ya kupunguzwa kiuno kwa sababu mwenyewe amekonda. Kila kitu kimepanda, mafuta ya kula, gesi, hata chumvi ambayo tunachemsha wenyewe nchini, na hela yetu inashuka mpaka nimeacha kuuliza imeshuka kiasi gani. Juzi sokoni nilikuwa nachagua mayai manne, yule muuza mayai, ambaye nilimshonea nguo ya harusi, akaniambia mbele za watu, "Mama, unachagua mayai au unachagua mkwe?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikafika nyumbani nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikalia kama mtoto.

Mtaa wetu una nyumba kumi na moja, tano zimefungwa kufuli, wenyewe wamevuka. Walimu wawili wa shule yetu waliacha chaki wakavuka nao. Wazee wa kwenye kibanda cha kahawa kila asubuhi wanaizika nchi, mara mafuta yataadimika tena kama mwaka ule tulipopanga foleni na pikipiki tangu alfajiri, mara dawa hospitalini hakuna, na mmoja wao alisema, "Hapa tutabaki sisi na mbwa," mwenzake akamjibu, "Mbwa gani? Huwaoni wamepungua?" Mimi napita na kapu langu nawasikia, na moyo unazidi kuwa mzito. Latsamy akipiga simu wimbo wake ni mmoja, "Mama, hapo kumebaki nini? Njoo huku." Namwambia nitafikiria.

Kilichobaki, mama, alikuwa Dada Bouavanh. Nyumba yake imegusana na yangu, ananizidi miaka miwili, alikuwa anauza saladi ya papai bichi la kutwanga kinuni hapo mbele kwake mpaka miezi mitatu iliyopita, alipofunga genge kwa sababu ndimu na karanga zilimshinda bei na wateja walimshinda kwa kukopa. Kwa miaka kumi na tisa tulikula pamoja karibu kila jioni, mkeka barazani, kila mtu na kikapu chake cha wali wa kunata, na mboga yoyote iliyopatikana inakaa katikati. Unajua mwenyewe desturi yetu, unakula mlango wazi, na yeyote anayepita unamwita, "Njoo tule," naye anajibu, "Nimeshiba," lakini walau umemwita na yeye ameitwa. Sasa mtaa mzima unakula ndani. Hakuna aliyetangaza, ilianza tu, nyumba moja, halafu nyingine, mtu anaona aibu kuonekana na pilipili ya kutwanga tupu, au anaogopa kuita akaitikiwa kweli. Jioni ukipita utadhani tumehama wote. Na sisi wawili tukaanza kupunguza, leo yeye anasema ameshakula, kesho mimi nasema nimeshakula, na nilijua anadanganya kwa sababu na mimi nilikuwa nadanganya.

Basi mwezi uliopita Latsamy alinitumia bahti kidogo, hela ya Wathai, nikanunua perege mmoja, mnene, wa kwanza tangu mwezi wa tano. Nikamjaza mchaichai mdomoni, nikampaka chumvi, na badala ya kumchomea nje nilimchomea jikoni ndani, madirisha yote nimefunga, moshi unanitoa machozi, Mungu ni shahidi, nilikuwa nakohoa kwenye kanga ili nisisikike. Nilijiambia samaki mwenyewe hatoshi watu wawili, ingawa tulishagawana samaki wadogo kuliko huyo. Nikafungulia redio kidogo, ilikuwa Jumamosi, ilikuwa sauti yako.

Nikamsikia mlangoni. "Mdogo wangu, upo? Umekula?" Nikapunguza redio, na hilo ndilo kosa, kwa sababu mtu asiyekuwepo hapunguzi redio. Nilichungulia kwenye ufa wa ubao nikamwona amesimama na kikapu chake cha wali mkononi na mfuko wa majani, ya mnanaa na ya bizari, yale anayootesha kwenye ndoo nyuma ya nyumba, nikasema moyoni, haya, amenusa, amekuja kula. Akaita tena, "Mdogo wangu." Akasimama kitambo, akaondoka. Nami, mama, nataka niseme ukweli wote, nilimla yule samaki mpaka kichwa.

Tangu siku hiyo hajaja. Tukikutana njiani ananiambia, "Hujambo, Mama Latsamy," kwa adabu kabisa, kama ninavyosalimiwa na karani wa ofisi ya mtaa, na kabla ya hapo hakuwahi kuniita jina hilo hata siku moja. Na wiki iliyopita nimesikia dukani, kwa mke wa balozi wa mtaa, kwamba Dada Bouavanh ameuza kinu chake cha papai na anavuka Ijumaa inayokuja, baada ya mashindano ya mitumbwi, anakwenda kwa mwanawe kulea mjukuu, harudi. Nilisikia dukani! Mke wa balozi akaniuliza, "Kwani wewe hukujua?" Nikamwambia nilijua.

Nilipomsimulia Latsamy alicheka, akasema, "Mama, huyo ni samaki tu, nitakutumia hela ununue watatu." Lakini mimi jioni nakaa na wali wangu naona kila tonge linanikaba, na hakuna sauti upande wa pili wa ukuta isipokuwa yeye anafunga mizigo. Sasa naomba uniambie, nimwendee nikamwambie kwamba nilikuwamo ndani, au nimwache aondoke salama kwa kuwa labda hajui, maana nikimwambia na alikuwa hajui nitakuwa nimemharibia safari bure? Au nifunge na mimi nyumba nivuke kwa binti yangu, nisahau mtaa huu na nchi hii ambayo kila mtu anasema imeshakwisha?

Ni mimi niliyefunga mlango, Thakhek.

*

Mama uliyefunga mlango,

Jina sijakutaja, ingawa mtaa wa nyumba kumi na moja wenye fundi cherehani mmoja utakutambua kabla sijamaliza sentensi hii. Na Dada Bouavanh huenda ananisikiliza. Usifurahi mapema. Kusikia redioni si kuombwa radhi.

Tuondoe kwanza mambo ya bei. Umeniandikia habari za mafuta, gesi, chumvi na mayai, nami nakuamini, sokoni kwenu ndiko ninakonunua na mimi, na ile foleni ya pikipiki nilikuwamo. Siwezi kukushushia bei ya yai, wala siwezi kukwambia nchi inakwenda wapi. Wanaodai kujua wamekaa kwenye kibanda cha kahawa, waulize hao. Lakini kupanda kwa bei hakukufunga madirisha yako. Ulisimama ukayafunga wewe, moja baada ya jingine. Ukitaka nikusaidie, anzia hapo.

Pole lakini. Nasema pole ya kweli. Aibu ya kukosa ni nzito, na aibu ya kupata kidogo wakati mwenzako hana ni nzito zaidi, watu hawaisemi. Mwaka juzi mimi niliwaambia wageni kwamba nyumbani tunafunga kula nyama kwa ajili ya nadhiri. Hakukuwa na nadhiri yoyote. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mtaa wenu wote umekaa ndani unaficha uchi, kila nyumba ikidhani ni yenyewe tu iliyo uchi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana umeona jambo kwa macho yako na hukulielewa. Umesema alisimama mlangoni na kikapu cha wali na mfuko wa majani. Halafu unasema amekuja kula samaki wako. Mama, wewe ni mtu wa hapa au umeletwa jana? Mwenye kuja kuomba huja mikono mitupu, akasema amepita tu. Mwanamke aliyefunga genge miezi mitatu, akapika wali, akachuma majani yake, akabeba vyote mpaka mlangoni kwako na kuuliza "umekula?", huyo amekuja kukulisha. Kwa siku nyingi ulimwambia umeshakula. Alijua unadanganya. Wewe umejua uongo wake, ukadhani yeye hajui wako?

Na kuna jambo la pili, hili litakuuma, nivumilie. Kwetu habari ya kuondoka haisemwi mlangoni. Unakaa, unakula, unaosha mikono, ndipo unasema, "Mdogo wangu, nina neno." Hesabu siku mwenyewe: alikuja mwezi uliopita, na habari za kinu na safari ukazisikia dukani wiki iliyopita tu. Sina uhakika, sikuwa moyoni mwake, ila ukiniuliza mimi, alikuja kukwambia wewe kabla ya mtu yeyote. Pengine alikuja kukuuliza aende au asiende. Alisimama kitambo, umesema mwenyewe. Alisikia redio ikipunguzwa, akapata jibu lake.

Kwa hiyo hilo la "labda hajui" liache. Anajua. Unachokificha si siri tena. Ni wewe tu unayeilinda.

Binti yako nampenda bila kumjua, kwa kuwa anakukumbuka, lakini kwa hili amekosea. Samaki watatu hawalipi. Usinunue kitu. Usimpelekee zawadi ya safari iliyofungwa vizuri, ataipokea kwa mikono miwili, atakushukuru, na mtakuwa mmemalizana. Utaniambia mkono mtupu haulambwi. Nenda nao hivyo hivyo mtupu, uone.

Habari ya kuvuka kwa Latsamy usiiamue mwezi huu. Kama utavuka, uvuke kwa sababu unataka kuishi na mwanao, siyo kwa sababu unamkimbia jirani. Ukimkimbia mtu, unavuka naye. Ng'ambo wanaishi wengi walioondoka bila kuaga, nao wananiandikia kila wiki.

Fanya hivi. Usingoje Ijumaa. Siku ya safari mtu hana masikio, ana mizigo tu. Nenda leo, jioni, saa ile mliyokuwa mnatandika mkeka. Chukua wali wako ulioupika leo, kama ulivyo, na kama mboga ni pilipili ya kutwanga basi ni pilipili. Usipige hodi ukasubiri kukaribishwa; miaka kumi na tisa hukubisha hodi. Kaa. Kabla hujala sema, "Dada, siku ile nilikuwamo ndani. Nilikuwa na samaki. Nilikusikia." Maneno hayo tu. Usimweleze bei ya samaki, usimweleze hela inavyoshuka, anazijua, zilimfungia genge. Akikuuliza kwa nini, usiseme umaskini. Sema ulikuwa mchoyo siku hiyo, na uliona aibu, na umekuwa mpweke tangu hapo. Halafu mwambie lile ambalo hujaliandika popote katika barua yako ndefu, kwamba hutaki aende. Ataenda pengine, ana mjukuu anayemngoja na ni haki yake. Lakini aende akijua kuna mtu huku aliyetaka abaki.

Akikukasirikia, nyamaza umwache akasirike mpaka achoke, kwa maana anayekukasirikia bado ni dada yako. Ninachokihofia ni kingine: akikuambia, "Hakuna neno, Mama Latsamy, karibu," kwa ile adabu yake. Hapo ndipo utakapotaka kuinuka uondoke. Usiinuke. Kaa papo hapo, ule wali wako mbele yake, hata ukikukaba, ukae mpaka adabu imwishie.