Nani Alipe Chai

Jumatano, 28 Mei
Ukungu tena. Mlima Kwaraa hauonekani. Nimekanyaga pedeli tangu saa mbili asubuhi, mapazia ya ofisi za mkoa mpya, kitambaa cha bluu kikinimiminikia mapajani. Nikasinzia macho wazi. Niliota niko ziwani, maji vuguvugu. Mama Naomi akanizindua, sindano ilishafika karibu na kidole. Yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Kanitangulia miaka kumi na mmoja hapa dukani. Nimemlipia chai na maandazi, kama kawaida. Namhurumia.

Jumamosi, 31 Mei
Bahasha. Bosi hutuita mmoja mmoja nyuma ya marobota ya vitambaa. "Wewe nakupa zaidi. Usimwambie mwenzako, utamuumiza." Kila mwezi maneno hayo hayo. Elfu arobaini na tano. Nimetoka nimeinamisha macho, najiona mtu mwema kwa kunyamaza.

Jumatatu, 2 Juni
Nimeharibu. Tulivutana nani alipe chai. Mama Naomi akanishika mkono: "Acha, mwanangu. Mimi napata zaidi yako, bosi mwenyewe kaniambia."
Nikacheka. "Zaidi ya arobaini na tano?"
Ulimi hauna mfupa. Yeye hupata thelathini na nane. Kumbe miaka yote alikuwa akinihurumia mimi. Chai ikapoa. 

Jumanne, 3 Juni
Hanisemeshi. Chaki tuliyokuwa tukitumia pamoja kaivunja, kaniwekea nusu yangu mezani. Afadhali angenitukana. Nilipita ziwani jioni, viboko wametoa masikio tu. Nikasimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Alhamisi, 5 Juni
Niliota tunashona pazia moja, yeye na mimi, refu mpaka kijiji cha Bonga. Nilipofika dukani nikasema shikamoo, twende kwa bosi. Akaitikia marahaba. Tukaenda.
Bosi aliuliza jambo moja tu: nani kaanza kutaja. Nikasema mimi. Akasema hela ni ile ile, akimwongezea yeye ataikata kwangu. Nikasema sawa. Nilisema haraka, kabla tamaa haijaamka. Mama Naomi akakataa. "Sili jasho la mtoto niliyemfundisha."
Akarudi kwenye cherehani yake, akaketi, mikono mapajani. Nami nikaketi vivyo hivyo. Mapazia yanatakiwa kesho. Sijawahi kusikia duka kimya namna ile, nilisikia hata mvuke wa pasi. Niliogopa kufukuzwa. Saa sita bosi akaja, akatazama kile kitambaa cha bluu, akasema haya, arobaini na tano, wote wawili. Tukakanyaga.

Jumatatu, 30 Juni
Ukungu bado. Tumefungua bahasha juu ya meza ya kukatia, zote mbili, wazi. Sawa sawa. Bosi kanuna, hajaaga.
Chai ilipoletwa nikatoa hela kwa mazoea. Mama Naomi naye akatoa. Tukatazamana. Hakuna tena wa kumhurumia mwenzake.
Nikarudisha yangu mfukoni, nikamwacha alipe.