Raba za Pikipiki ya Baba

Matombo, 16 Machi 2025

Mwanangu Rahel,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo wewe na mafundi wenzako huko Kihonda? Sisi wazima, isipokuwa migomba imeangushwa na upepo. Nakuandikia kwa sababu simu hukatika kabla sijafika kwenye jambo.

Jambo lenyewe ni mama yako. Tangu Krismasi hataki kupanda pikipiki. Anasema mtetemo wake unamuumiza mgongo, basi kanisani anakwenda kwa miguu, nami nampita peke yangu kama mseja. Huyo ndiye niliyempakia siku ya harusi, gauni amelikunja mapajani, akicheka njia nzima. Uliwahi kunitajia raba za kutuliza injini. Namtaka mke wangu nyuma yangu, mwanangu. Nisaidie.

Baba yako,
Andrea

Kihonda, 24 Machi 2025

Baba, shikamoo,

Milele amina. Mimi mzima, mpe mama shikamoo yake. Barua nimeipata, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, nikacheka peke yangu gereji.

Nimekutumia raba nne. Injini ya pikipiki yako imefungwa chuma kwa chuma kwenye fremu, ndiyo maana nilipokuwa mdogo, nikikaa katikati yenu, meno yalikuwa yanagongana. Nilipenda sana safari zile, baba, na bado nazikumbuka. Ningekuja kukufungia mwenyewe, ila bosi hanipi ruhusa mpaka Mei. Mwombe Stephano, yule mchomeleaji wa karibu na misheni, apanue matundu ya bolti. Kila tundu raba moja, kisha kaza mpaka raba ianze kuvimba kidogo, uishie hapo.

Binti yako,
Rahel

Matombo, 13 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Leo tumebarikiwa matawi. Barua yako amenisomea mama yako, maana wino wako siku hizi hafifu mno.

Raba tumefunga, na pikipiki inatetemeka vilevile. Nimezikaza mpaka mwisho, kama tunavyokaza nati zote kila asubuhi kwa ajili ya mawe ya huku. Stephano anasema nimezibana hadi zimekuwa chuma. Mama yako alitazama, akaenda zake kwa miguu.

Baba yako

Kihonda, 20 Aprili 2025

Baba, shikamoo,

Heri ya Pasaka kwenu wote. Najua wewe ndiye uliyenifundisha kukaza, lakini hizo zilegeze. Juu ya kila nati weka nati ya pili, zibanane zenyewe, raba ibaki na nafasi ya kucheza. Mama atapanda tu.

Binti yako,
Rahel

Matombo, 4 Mei 2025

Mwanangu Rahel,

Marahaba, na habari za kazi? Sisi hatuumwi.

Nimezilegeza. Leo asubuhi nimeiwasha, nikaweka kikombe cha maji juu ya tangi, na maji hayakumwagika. Nikamwita mama yako. Akaweka mkono kwenye kiti. Kisha akasema, "Mgongo wangu hauna kitu, Andrea. Wewe huoni. Krismasi nusura umgonge bibi mmoja mchana kweupe, ukapita bila kujua."

Alishindwa kuniambia, akaona heri atembee miezi yote hii. Nimeumia, mwanangu, sikufichi. Nimezima injini, nikampa ufunguo.

Ukipata ruhusa njoo uichukue pikipiki, imetulia vizuri. Mimi na mama yako tumekwenda kanisani kwa miguu, yeye mbele, mimi nimemshika bega. Tumekuta injili imeshasomwa.

Baba yako,
Andrea