Ndege ya Klabu Haikuagwa

Mama Wawira mpenzi,

Hamjambo hapo Kianjokoma? Huku Meru ni baridi na ukungu, lakini nimeshiba furaha.

Uliniapisha nije tu kuiaga ile ndege ndogo ya klabu yetu ya urubani, nisiiguse. Nisikudanganye, nimeshinda wiki nzima kwa injini yake. Leo mwenye shamba tunakoiegesha akamleta mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyebeba msumeno wa kuikatakata. "Hii ilikufa, mzee, hata kuku anataga ndani," mnunuzi akaniambia.

Mwalimu Karimi, rubani wetu wa zamani, alipanda ndani. Alimtoa kuku, akaweka mayai kwa kofia yake, akaketi kwa kiti cha rubani. Unajua desturi yetu: anayezungusha propela kwa mkono huita kwanza, rubani akaitikia.

"Swichi?" nikaita.

"Imewashwa!"

Nikavuta mara tatu, bega likalia. Mara ya nne injini ikanguruma, na kofia ya mnunuzi ikaruka hadi kwa mahindi ya jirani. Akarudisha msumeno kwa gari.

Nikirudi Jumamosi utanikanda bega ukinigombeza, na nitanyamaza. Ila majirani wakikuuliza, usithubutu kusema nilienda kuaga.

Wako mkaidi,
Baba Wawira