Mota Zilizoungua

Nyakwara Akinyi, mjukuu wangu,

Natangaza rasmi kwamba jogoo wa nyanyako amehamia kwa jirani bila kuaga. Sisi wengine tungali hapa Rangwe, wazima.

Basi vyuo viwili vimependa A yako ya fizikia na kufumbia macho D ya Kiingereza, nawe hujui uende kipi. Nilipotafuta pa kusomea umeme, nilichungulia karakana mbili. Ya Kendu Bay iling'aa. Ya Migori ilijaa mota zilizoungua.

"Nani ameziunguza?"

Mwalimu akacheka. "Wanafunzi. Ulitaka tuzifungie kabatini?"

Nikajiandikisha papo hapo. Nawe kachungulie maabara zao kabla ya kuchagua, mama.

Wiki yangu ya kwanza Migori, stima ilipotea siku zote; sikuunguza hata mota moja.

Kwaru, babu yako